Dawa za Nyumbani kwa Rejeta Inayovuja: Mkongojo Usigeuzwe Mguu

Gari linapochemsha njiani na maji kuanza kutiririka chini ya boneti, watu wote waliopo hugeuka mafundi. Mmoja hutaka pilipili manga, wa pili humtuma mtoto dukani kununua yai, wa tatu hutoa kipande cha sabuni ya kufulia, na wa nne husema kwamba yote hayo ni upuuzi na lililobaki ni kulivuta gari hadi gereji. Ubishi huo ni wa miaka mingi, na aghalabu mshindi wake ni mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Jambo hilo lasikitisha, kwa sababu suala lenyewe si la imani wala la mazoea. Ni suala la sayansi, tena sayansi ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari chini ya vichwa vya joto, kanieneo na mabadiliko ya maada.

Ukweli ni kwamba wanaozidharau dawa za nyumbani wamekosea, nao wanaozitegemea wamekosea zaidi. Dawa hizo hufanya kazi, na sababu za kufanya kazi kwake zajulikana. Lakini sababu hizo hizo ndizo zinazoonyesha kwa nini dawa iliyomfikisha dereva mjini jana yaweza kumwulia injini mwezi ujao.

Kazi ya rejeta

Injini huchoma mafuta ili kupata mwendo, lakini sehemu kubwa ya joto lake haigeuki kuwa mwendo. Takribani theluthi moja hutoka pamoja na moshi, na takribani theluthi nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka kando ya silinda. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta, ambako hupita katika mirija myembamba iliyoshikamana na mapezi ya madini, na upepo hulichukua joto na kwenda nalo.

Siri ya chombo hiki ni wembamba wa njia zake. Maji yakigawanywa katika vijito vidogo hugusana na madini mahali pengi zaidi, na hivyo hupoa upesi. Mhandisi wa Kijerumani Wilhelm Maybach alilifahamu vema jambo hilo. Gari alilolibuni mwaka 1900, la kwanza kuitwa Mercedes, alilitia rejeta iliyoundwa kwa vijirija 8,070 vya pembe nne, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6. Upepo ulipita ndani ya vijirija hivyo, nayo maji yakapita katika nafasi finyu zilizo baina yake. Kwa ufundi huo, injini yenye nguvu kubwa kwa wakati ule ilipozwa kwa lita 9 tu za maji. Rejeta za leo zimebadilika kwa umbo, lakini kanuni ni ile ile: wembamba unaoifanya rejeta ipoze vizuri ndio unaoifanya izibike kwa urahisi.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kifuniko. Watu wengi hukidhania kuwa kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. La hasha. Ndani yake mna springi inayolizuia kanieneo lisitoke mpaka lifikie kiasi maalumu, ambacho kwa magari mengi hukaribia kulingana na msukumo wa hewa ya kawaida iliyopo nje. Chini ya kanieneo hilo la nyongeza maji hayachemki kwenye digrii 100 za Sentigredi bali hustahimili hadi karibu digrii 120. Bila ya msaada huo maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye digrii 100, na ya Mbeya, kwa sababu ya mwinuko wa mita zipatazo 1,700, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kwa hiyo rejeta yenye tundu, hata likiwa dogo kama la sindano, hupoteza vitu viwili kwa pamoja: maji yenyewe, na kanieneo linaloyazuia maji yaliyobaki yasichemke. Ndiyo sababu dereva anayeongeza maji kila baada ya kilomita chache hushangaa kuona mshale wa joto ukipanda ilhali rejeta haijakauka.

Kwa nini pilipili huziba

Pilipili manga iliyosagwa haiyeyuki katika maji. Chembe zake huchukuliwa na mkondo na kuzungushwa katika injini nzima. Mahali penye tundu pana mwendo wa kasi wa kutokea nje, nao huzivuta chembe hizo. Zile kubwa hukwama kwanza ukingoni mwa tundu, kisha ndogo hujaza mianya iliyobaki, kama takataka zinavyojikusanya kwenye wavu wa mfereji siku ya mvua. Maji ya moto huzifanya zivimbe kidogo na kukaza zaidi. Manjano hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, nayo ni dawa inayojulikana sana kwa madereva wa India.

Yai hufanya kazi kwa njia nyingine. Ute wake ni protini iliyoyeyuka katika maji, nayo huanza kuganda ipatapo digrii 60 hivi na kukaza kadiri joto linavyozidi. Maji ya injini iliyopata moto hukaribia digrii 90. Yai likipasuliwa na kumiminwa zima katika maji ya joto hilo, litaganda pale pale lilipoangukia, na badala ya kufika kwenye tundu litakuwa bonge juu ya midomo ya mirija. Anayelazimika kulitumia yafaa atenge ute peke yake, aukoroge katika maji baridi, autie rejeta ikiwa imepoa, ndipo aiwashe injini, ili ute usambae kabla ya kuganda. Dawa ni ile ile. Tofauti ya matokeo imeletwa na kujua au kutojua kinachotokea ndani.

Unga wa sembe ni jamii nyingine kabisa, na hapo yapasa kusema bila ya kuficha: usitiwe. Wanga wa mahindi ukipata joto la zaidi ya digrii 60 hunywa maji, huvimba na kuwa uji. Kila mpishi anajua kwamba uji haukai mahali pamoja kungoja kuitwa. Huenea katika mirija yote, katika pampu na katika kidhibiti joto, nao ukipoa huganda. Injini iliyonyweshwa unga haina budi kufunguliwa.

Sabuni nayo imepata sifa ambayo sehemu yake si haki yake. Kipande cha sabuni kikisuguliwa kwenye ufa wa tangi la petroli huziba vizuri, kwa kuwa sabuni haiyeyuki katika petroli. Madereva waliolishuhudia jambo hilo hudhani kwamba sabuni itaziba rejeta vivyo hivyo. Lakini katika rejeta mna maji ya moto, na sabuni imeundwa kwa makusudi ili iyeyuke katika maji. Hukaa dakika chache, kisha hutoweka na kuacha povu. Tena maji yakiwa ya chumvichumvi, kama yalivyo ya visima vingi, sabuni huungana na chokaa iliyomo na kufanya utando mzito unaoganda katika mirija.

Asifikiri mtu kwamba dawa za namna hii ni za masikini peke yao. Mwaka 1958 nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus, chombo cha kwanza cha aina yake kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ilipatwa na mvujo katika mtambo wake wa kugeuza mvuke kuwa maji. Mahali penyewe hapakuonekana, na safari ya siri ya kwenda Ncha ya Kaskazini ilikuwa imekaribia. Mabaharia walivaa nguo za kiraia, wakaenda katika maduka ya vipuri vya magari mjini Seattle, wakanunua makopo ya dawa ya kuziba rejeta, ile ile wanayotumia madereva. Ilimiminwa, mvujo ukakoma, na tarehe 3 Agosti 1958 nyambizi hiyo ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Dawa za makopo zinazouzwa madukani hadi leo haziko mbali sana na za jikoni: baadhi zina nyuzi za mimea na chembe za madini zinazojikusanya kwenye tundu, na nyingine zina silikati ya sodiamu ambayo hukauka na kuwa ngumu kama kioo ikutanapo na joto na hewa.

Dawa isiyojua mahali

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Pilipili, yai, manjano na dawa ya kopo zina upungufu mmoja wa pamoja: hazijui tundu ni lipi na mrija ni upi. Huziba kila mahali pembamba zinapokwama. Tundu la kuvuja ni jembamba. Lakini ni wembamba pia mirija ya rejeta, ile ya kipasha joto cha ndani ya gari, na vijia vya maji katika kichwa cha silinda. Dawa iliyotiwa mara moja, kwa kiasi kidogo, kisha ikasafishwa, haiachi madhara makubwa. Lakini iliyotiwa Jumatatu, ikaongezwa Alhamisi, ikarudiwa wiki inayofuata, huacha kila mara tabaka jipya juu ya lile la zamani. Mvujo hukoma kweli. Hata hivyo rejeta iliyozibwa nusu ya mirija yake haipozi, na injini huchemsha bila ya tone kuonekana chini. Mwenye gari hufurahi kwamba amepona, kumbe amebadilisha ugonjwa unaoonekana kwa ugonjwa uliofichika.

Wapo mafundi wa gereji za kando ya barabara wenye tiba isiyo na ila hiyo, nayo haisifiwi inavyostahili. Mrija mmoja wa rejeta ya shaba unapotoboka, fundi huyakunja mapezi yaliyouzunguka, huukata mrija mahali pa tundu, kisha huzibana ncha zote mbili kwa koleo na kuzikunja. Rejeta hupoteza mrija mmoja kati ya makumi, wala hakuna kitu kigeni kilichoingizwa katika maji. Tiba hiyo yajua mahali pake. Ndiyo iliyo bora kwa safari, na yeyote anayetaka kujua thamani ya akili ya fundi asiye na cheti na aitazame.

Mambo yamebadilika, hata hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vipuri vilipoadimika nchini Tanzania kwa uhaba wa fedha za kigeni, rejeta nyingi zilikuwa za shaba nyekundu na shaba njano zilizounganishwa kwa risasi na bati. Risasi hiyo huyeyuka kwenye joto la digrii mia mbili hivi, na fundi mwenye moto mdogo aliweza kuifanya rejeta kuwa mpya. Magari mengi ya leo yana rejeta za alumini zenye vichwa vya plastiki. Moto wa fundi wa zamani huiyeyusha plastiki, na risasi ya kawaida haishiki kwenye alumini. Isitoshe, alumini huliwa na vitu vya jamii ya magadi, na sabuni ni mojawapo. Hivyo ujuzi ulioleta heshima kwa kizazi kimoja cha madereva waweza kukiletea hasara kizazi kinachofuata, usipochunguzwa upya.

Mkono kwenye kifuniko

Hasara ya injini ni jambo moja. Hasara ya mwili ni jambo jingine. Dawa yoyote ya kutia ndani ya rejeta huhitaji kifuniko kifunguliwe, na hapo ndipo watu wanapoungua. Maji yaliyo kwenye digrii 110 chini ya kanieneo hayaonekani kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, kanieneo huondoka ghafla, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yaliyouzaa. Huruka juu na kuchukua maji ya moto pamoja nao, moja kwa moja hadi usoni na kifuani pa aliyeinama. Hakuna abiria mwenye haraka wala tajiri mwenye hasira anayestahili kulipwa kwa macho ya dereva. Injini izimwe, boneti iinuliwe, na watu wangoje nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyezeke bila ya kukaza na kifuniko kishikike bila ya kuunguza. Kisha kifunikwe kwa kitambaa kinene na kuzungushwa polepole. Maji baridi nayo yasimwagwe kwa wingi katika injini yenye moto mkali, kwani madini yaliyotanuka yakipozwa ghafla hupasuka.

Sumu nayo isisahauliwe. Kile kimiminika cha rangi kiitwacho kulanti aghalabu kina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na huua. Mtoto, mbuzi au mbwa hatambui hatari yake. Kilichomwagika kioshwe, na kilichobaki kisiwekwe katika chupa ya soda.

Tundu lilitoka wapi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Lakini anayeziba ufa kila wiki bila ya kuuliza unatokana na nini naye atajenga ukuta, ila amechelewa tu. Rejeta nyingi hazitobolewi na mawe. Huliwa kutoka ndani. Katika nchi za joto imeenea dhana kwamba kulanti ni kitu cha Wazungu cha kuzuia barafu, na hivyo maji ya bomba yanatosha. Ni kweli kwamba barafu si tatizo la Morogoro wala Mombasa. Lakini kulanti ina kazi ya pili, ya kuzuia kutu, nayo inahitajika kila mahali. Maji matupu huleta kutu katika chuma na kuila alumini. Maji ya kisima huongeza ukoko, na ukoko huzuia joto lisitoke. Maji ya bahari ni maangamizi. Asiye na uwezo wa kununua kulanti ni heri atumie maji ya mvua yaliyokingwa safi, ambayo hayana chokaa, kuliko ya kisima; ingawa hayo nayo hayazuii kutu.

Yafaayo kufanywa

Atasema mtu kwamba mawaidha haya yawafaa wenye fedha, na kwamba mwenye gari moja la kumlisha hawezi kulilaza gereji kwa ajili ya tone la maji. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kujibiwa kwa dharau. Jibu lake limo katika hesabu yenyewe. Kubana mrija ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Kichwa cha silinda kilichopinda kwa joto, gasketi iliyoungua na mafuta yaliyochanganyika na maji ni kazi ya siku nyingi, na pengine ndio mwisho wa injini. Masikini ndiye hasa asiyeweza kumudu dawa ya bei rahisi iliyotumika kupita wakati wake.

Kwa magari ya abiria na malori hesabu si ya fedha peke yake. Injini inayokwama katika kona za Mlima Kitonga haiwaachi watu kando ya barabara tu. Huondoa pia msaada ambao breki na usukani hupata kutoka kwa injini inayozunguka, mahali ambapo msaada huo wahitajika kuliko popote. Basi linalotembea kwa pilipili mwezi mzima lisihesabiwe kuwa zima. Wakaguzi wa magari wanaotazama taa na matairi hawana budi kuitazama rejeta pia, na kuuliza mara ya mwisho ilisafishwa lini.

Vyuo vya ufundi navyo vina wajibu. Tangu mwaka 1994 Tanzania imekuwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yenye karakana na walimu. Jaribio la kulinganisha dawa hizi halihitaji mitambo ya gharama: rejeta kuukuu, pampu, jiko, kipimajoto na saa vyatosha. Itobolewe tundu la kipimo kinachojulikana, itiwe pilipili, kisha manjano, kisha ute wa yai. Ipimwe mvujo ulipungua kiasi gani, na baada ya kusafishwa ipimwe maji yanapita kwa kasi gani ikilinganishwa na hapo awali. Kipimo hicho cha pili ndicho ambacho wabishi wa barabarani hawakuwahi kukifanya. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika vituo vya mabasi na maduka ya vipuri.

Hadi hapo, kanuni ya kufuatwa yaweza kusemwa kwa maneno machache. Kwanza ipoe. Kama ni mrija wa shaba, ubanwe. Kama haibaniki, itiwe pilipili au manjano kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, mara moja tu. Unga na sabuni zikae jikoni. Mwendo uwe wa taratibu, kipoza hewa kizimwe, na kipasha joto kifunguliwe hata kama abiria watalalamika, kwa sababu nacho ni rejeta ndogo inayosaidia kutoa joto. Dereva akifika penye fundi, asipite. Rejeta isafishwe na tundu lizibwe kwa njia ya kudumu siku hiyo hiyo, kabla ya pilipili iliyomwokoa kuanza kutafuta mahali pengine pa kukwama.